Jina ndani ya gari: beji ya kubandika au uzi wa kudarizi?

Mwezi wa pili, jua la saa nane, mzee mmoja mteja wangu aliingia karakana akafungua kiganja. Kulikuwa na beji ya chuma yenye jina ZUHURA, ile ile niliyombandikia kwenye dashibodi ya Noah yake wiki tatu nyuma. Tepu ya nyuma ilikuwa imelegea ikawa kama ulimbo wa kutegea ndege: ukiigusa inakufuata kidoleni, inavutika nyuzi nyuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, jina la mama limedondoka."

Zuhura ni mkewe. Sikuwa na la kujitetea. Dashibodi ile ilipakwa polishi ya silikoni siku moja kabla, nami niliifuta kwa kitambaa kikavu tu, nikabandika, nikamkabidhi ufunguo. Kosa langu. Tangu siku hiyo kila anayekuja kutaka jina, nembo au pambo ndani ya gari namkalisha kwanza kwenye benchi tuulizane mambo mawili: litakaa wapi, na litashikwa na nini. Uzuri wa beji yenyewe ni swali la tatu. Nayaandika haya kwa anayesita kati ya kubandika na kudarizi, kwa sababu ndizo njia mbili ambazo watu wengi huzitumia. Nyingine nitazigusa njiani.

Joto ndilo linaloamua

Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Arizona State na California San Diego walitoa vipimo vya magari waliyoyaacha juani mjini Tempe, Marekani, siku ambazo joto la nje lilipita nyuzi 37. Baada ya saa moja tu hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, siti nyuzi 51, usukani nyuzi 53, na dashibodi nyuzi 69. Dar es Salaam mwezi wa kwanza na wa pili huwa na nyuzi 32 hivi mchana, hatufikii Arizona. Lakini gari la mfanyakazi wa Posta au mfanyabiashara wa Kariakoo halikai juani saa moja. Linakaa tangu asubuhi hadi anapofunga hesabu.

Tazama tena namba hizo. Gari ni lile lile, saa ni ile ile, lakini dashibodi imeizidi siti kwa karibu nyuzi 18. Ndiyo maana jina likiwekwa kwenye kiegemeo cha kichwa linadumu, na likiwekwa chini ya kioo cha mbele linahangaika. Mteja akiniambia "nataka pale juu, waone wote", najua ameshachagua mahali pagumu kuliko pote ndani ya gari.

Beji za kubandika

Madukani utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni ya aloi ya zinki iliyopakwa kromu, na ndiyo inayowateka wengi: nzito mkononi, ya baridi, herufi zake zina kingo kali. Uzito huo huo ndio unaoivuta tepu kila siku gari linaporuka shimo. Tena ina jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kromu ikilala chini ya kioo cha mbele, mwanga wake hupanda kwenye kioo na kukaa mbele ya macho ya dereva. Mzee mwenyewe aliniambia kwamba jioni akirudi Mbezi, jua likiwa mbele yake, alikuwa akiona mng'ao wa jina la mkewe unaelea juu ya barabara. Hilo peke yake lingetosha kuiondoa pale hata kama isingedondoka.

Ya pili ni ya plastiki iliyopakwa kromu. Nyepesi, bei yake ndogo, na ndani ya gari inavumilia kuliko nje kwa sababu haipigwi na mvua wala mchanga. Udhaifu wake uko pembeni: kromu huanza kubambuka kwenye ncha za herufi kama ganda la kitunguu, hasa kwa gari linalofutwa kila siku kwa nguvu.

Ya tatu ni stika yenye mgongo wa utomvu, ile inayoonekana kama tone la maji limeganda juu ya herufi. Kwa anayeng'ang'ania kubandika, hii ndiyo ninayomshauri. Ni nyepesi, na inalala vizuri kwenye sehemu yenye mkunjo, kitu ambacho chuma hakiwezi. Ila uliza ni utomvu gani. Wa epoksi ukipigwa na jua hugeuka njano kadiri muda unavyokwenda, na jina jeupe linakuwa rangi ya meno ya mvuta sigara. Wa poliyurethani hukaa mwangavu muda mrefu zaidi na hubaki laini. Dukani bonyeza kwa ukucha pembeni: mara nyingi wa poliyurethani utabonyea kidogo kisha urudi ulivyokuwa, wa epoksi utakuwa mgumu kama kioo.

Lakini beji iwe ya chuma au ya utomvu, kinachoishika ni kitu chembamba kuliko ukucha, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Gundi ya matone, hii ya kuunganishia viatu, msiitumie ndani ya gari. Ikikauka huwa ngumu na dhaifu kwa mtikisiko, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka beji ambao kwenye dashibodi nyeusi hautoki kirahisi. Tepu nyeupe ya povu inayouzwa kwa mita bila jina ndiyo iliyogeuka ulimbo kwa mzee. Inayofaa ni tepu ya povu la akriliki. Ya VHB ya kampuni ya 3M ndiyo inayojulikana zaidi, na kuna nyingine za jamii hiyo. Hata hiyo inataka subira. Baada ya dakika 20 ina kama nusu ya nguvu yake, baada ya saa 24 ina sehemu tisa kwa kumi, na hukamilika baada ya saa 72. Siku hizo tatu gari lisilale juani na mtu asiiguseguse beji kuona kama imeshika.

Kabla ya hapo safisha kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Futa kuelekea upande mmoja tu, geuza kitambaa, futa tena. Kama dashibodi imezoea polishi ya kung'arisha, rudia mara tatu na zaidi, maana silikoni hujificha kwenye vinyweleo vya plastiki. Na hata ikiwa safi kabisa, dashibodi nyingi zimetengenezwa kwa plastiki za jamii ya polipropilini, ambazo kwa asili yake hazipendi kushikwa na gundi. Zinahitaji kupakwa praima kwanza, yaani dawa ya kutangulia inayoisaidia gundi kushika. Fundi asipozungumzia praima wala kuuliza habari ya polishi, mwambie asubiri kwanza.

Mahali panapofaa beji ni konsoli iliyo kati ya siti mbili za mbele, karibu na gia, au bamba la chini la mlango unapokanyaga kuingia. Pana kivuli, pako sawa, hapamulikii dereva. Mbele ya abiria, pale penye maandishi SRS AIRBAG, yaani ulipofichwa mfuko wa hewa wa kumkinga ajalini, usibandike kitu chochote.

Siku ukitaka kuitoa, usiibandue kwa bisibisi. Ipashe kwa draya ya nywele, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake ukivuta huku na huku kama msumeno. Tepu itakatika katikati, masalia utayasugua kwa kidole gumba. Kinachobaki ni kivuli: plastiki ya pembeni imepauka kwa jua, ya chini ya beji imebaki rangi yake ya zamani, na mnunuzi wa gari atasoma jina la mkeo bila herufi.

Jina la uzi

Sisi wa pwani hatujaanza kudarizi jana. Kofia za viua za Zanzibar na Lamu zinashonwa vitobo kimoja kimoja kwa mkono, na mtu akiishika kofia nzuri anajua ilichukua muda gani. Kwenye siti za gari kazi hufanywa na mashine ya kudarizi ya kompyuta, lakini kinachotofautisha kazi nzuri na mbaya ni kile kile: uzi gani, kitambaa gani, na tundu liko karibu na mwenzake kiasi gani.

Uzi uwe wa poliesta. Wa reyoni unang'aa zaidi na kwenye sampuli utaupenda, lakini juani na kwenye kufuliwa poliesta huushinda. Ikiwa kava ni ya kitambaa, sindano ikikosea unaweza kufumua na tundu likajifunga nusu. Ikiwa ni ngozi au ngozi bandia, tundu likishatobolewa limetobolewa milele. Mishono ikisongamana mno kwenye ngozi bandia, matundu yanageuka kama ya kuchania stempu, na baada ya miezi michache ya mtu kuegemea, herufi inachomoka nzima na kipande chake. Kwa hiyo lazima pawe na kitambaa kigumu cha kutandika chini, mishono ilegezwe kidogo, na herufi zisiwe ndogo. Mimi kwenye ngozi bandia sishuki chini ya sentimita moja ya urefu hata mteja akinisihi.

Jambo jingine ambalo wateja hawalijui hadi wafike: siti iliyokwisha kuvishwa haidariziwi. Lazima kava ivuliwe, kipande chenye jina kifumuliwe, kitiwe kwenye fremu ya mashine, kisha kishonwe tena. Kama unashona kava mpya, amua jina kabla, siyo baada. Kama kava unayo tayari, dai jina liwekwe kwenye kifuniko cha kiegemeo cha kichwa peke yake. Kinavulika kwa dakika, kinafuliwa, na siku ya kuuza gari unaondoka nacho. Hapa ndipo uzi unapoishinda beji kwa mbali. Gari linabaki safi kama lilivyoshuka bandarini, na jina linahamia kwenye gari jingine.

Onyo moja kwa kava zote, ziwe na jina au zisiwe nalo. Tazama ubavu wa siti ya mbele, upande wa mlango. Ukikuta kijitambulisho chenye maneno SRS AIRBAG, ndani ya ubavu huo kuna mfuko wa hewa, na kava iliyoshonwa ikazunguka yote kwa uzi mgumu inaweza kuuzuia kufunguka. Fundi aache ubavu huo wazi, au ashone kwa uzi dhaifu uliokusudiwa kukatika hapo. Mteja akiniambia hataki uwazi kwa sababu unaharibu sura, kazi hiyo siichukui.

Katikati ya usukani

Hapa sina ulinganisho. Kuna nembo za vijiwe vinavyometameta zinazobandikwa juu ya nembo ya kiwandani katikati ya usukani, na wateja, hasa vijana, wanazipenda. Nyuma ya nembo hiyo umekaa mfuko wa hewa wa dereva. Unapofyatuka hujaa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kwa mwendo unaokaribia kilomita 300 kwa saa, na kila kilichobandikwa mbele yake kinarushwa usoni kwa dereva. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kuhusu nembo hizi hizi baada ya dereva kupoteza uwezo wa kuona wa jicho moja: nembo ilichomoka mfuko ulipofunguka, ikampiga usoni. Kama unayo, iondoe leo kwa draya na mshipi kama nilivyoeleza juu, taratibu, bila kuingiza kitu cha chuma kwenye kifuniko.

Duara la usukani ni habari nyingine. Ngozi inayoshonwa kwa mkono kulizunguka, na jina dogo likapigwa chapa upande wa chini, ni kazi nzuri na salama ikibanwa sawasawa. Kava za kuvisha zinazoteleza kwenye kiganja sizipendi.

Zilizobaki

Kuchora jina kwa mionzi ya leza kunapendeza sana kwenye ngozi halisi, herufi zinatoka rangi ya kahawa. Shida ni kwamba nyingi ya zinazoitwa ngozi kwenye magari yetu ni plastiki ya PVC, na PVC ikichomwa kwa leza hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayounguza mapafu ya fundi na kula mashine yake. Geuza kipande utazame mgongoni: ukiona kitambaa kilichofumwa, siyo ngozi, kiache. Ukiona nyuzi za manyoya manyoya kama suwedi, huenda ni ngozi halisi.

Mbao napenda kuliko ninavyoweza kueleza. Wachongaji wa Mwenge wanaweza kukutolea kichwa cha gia cha mpingo chenye herufi za jina lako, kizito, cheusi, kinachozidi kulainika kadiri unavyokishika. Hakikisha tu kipande kimekauka vizuri kabla ya kuchongwa, maana mpingo mbichi ndani ya gari la Dar utapasuka, na upeleke kichwa cha zamani ili uzi wa skrubu upimwe. Kwa gari la gia za otomatiki lenye kitufe ubavuni, achana nalo.

Kuna pia njia ya bei nafuu ambayo mama zetu waliijua zamani: khanga. Kata pande moja, vishonee viegemeo vya vichwa, na upange mkato ili jina la khanga liangukie katikati ya kiegemeo na pindo lizunguke kingo. Maneno yapo tayari, na uyachague ukijua kwamba abiria wa nyuma atayasoma safari nzima.

Tasbihi na rozari kwenye kioo cha kati, ninaheshimu anayeziweka. Zifupishwe zisibembee mbele ya macho.

Nani achague nini

Dereva wa teksi au wa gari la kukodi la harusi, darizi, bila kusita. Abiria wanashikashika, watoto wanabandua, na gari lako linaoshwa kila siku. Vifuniko vya viegemeo seti mbili, moja ikifuliwa nyingine iko kazini.

Kampuni yenye magari kadhaa vilevile, kwa sababu mchoro wa nembo kwa mashine hutengenezwa mara moja tu na kila kava inayofuata inashuka bei. Gari la mkopo au ambalo unajua utaliuza baada ya mwaka, usibandike chochote kwenye plastiki ya kiwandani. Na kama ni gari la moyoni, la kukaa nalo, na umeshaipenda beji yako, iweke kwenye konsoli kwa tepu ya akriliki, ipe siku zake tatu kivulini.

Mzee wa Noah alirudi wiki iliyofuata akiwa na mwenyewe mwenye jina. Nilikuwa nimeandaa sampuli kwenye kipande cha kava, herufi kubwa za kuchapa, uzi wa dhahabu. Bi Zuhura akapitisha kidole juu ya Z, akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, Z hii si yangu." Nikampa kalamu na karatasi. Akaandika jina lake polepole kama anavyosaini, Z yenye mkia uliorudi chini ya herufi zote na A ya mwisho isiyofungwa. Tukaupiga picha mwandiko ule, mtu wa mashine akaufuata mstari kwa mstari, uzi tukaubadili ukawa wa kijani kibichi alioutaka yeye.

Viegemeo viwili vya mbele viliisha siku ya tatu. Ile beji ya zinki tuliitoboa tundu juu ya herufi ya kwanza, ikawa ya funguo.